Winchi ya mkono, ya umeme au ya shafti: ipi itakutoa kwenye mbuga za Tabora?

Kila mwaka mawingu ya Novemba yakianza kujikusanya, simu za kuulizia winchi, ile mashine ya kulivuta gari kwa waya, nazo zinaanza. "Kaka, nataka kufunga winchi kwenye gari. Nichukue ya nguvu ya pauni ngapi?" Nami huuliza kwanza: mara ya mwisho ulipozama, ulitamani kutoka kwa kwenda mbele au kwa kurudi nyuma?

Mwulizaji hunyamaza kidogo. Halafu wengi hujibu: nyuma.

Ndivyo mbuga zetu zilivyo. Ninaposema mbuga sisemi hifadhi ya wanyama. Nasema lile bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi linalokatiza kati ya misitu ya miombo, kuanzia Uyui hadi Sikonge, Urambo na Kaliua. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Kifuku hunywa maji, huvimba, na ukiukanyaga unaganda kwenye kiatu kama ugali kwenye mwiko. Gari linatoka msituni kwenye kichanga kigumu, linateremka mbugani, na mita thelathini mbele linakaa kwa tumbo. Nyuma yako kuna ardhi ngumu uliyotoka kuipita, tena kuna miti. Mbele yako kuna nusu kilomita ya tope lilelile, na nyasi tupu. Winchi iliyofungwa kwenye bampa la mbele itakuvuta uelekee wapi?

Kwa hiyo ulinganisho huu siuanzii kwenye nguvu wala kwenye jina la kampuni. Nauanzia kwenye tope lenyewe. Nimeendesha Land Cruiser hardtop ya kukodisha kutoka Tabora mjini kwa miaka mingi, nikiwabeba wauguzi wa chanjo, wapima ardhi na wanunuzi wa asali, na aina zote tatu nilizozitaja juu zimepita mikononi mwangu.

Ya mkono

Hii ni ile mashine ya mpini mrefu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tirfor, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Ndani yake kuna mataya mawili yanayoupokezana waya, moja likishika jingine linaachia, kama mikono ya mtu anayevuta ndoo kisimani. Zipo za tani 1.6 na za tani 3.2. Unaifunga kwenye mti, ndoano ya waya unaiweka kwenye gari, unasukuma na kuvuta mpini. Kila mvuto wa mpini waya unasogea sentimita chache tu. Ni kazi ya jasho, na mita kumi za tope zinaweza kukula saa nzima pamoja na utingo wako.

Lakini angalia inachokupa. Haihitaji betri. Haihitaji injini iwake. Inavuta mbele, nyuma na ubavuni, hata kulizuia gari lisipinduke kwenye kingo za korongo. Waya wake hauzungushiwi kwenye ngoma, unapita katikati ya mashine na kutokea upande wa pili, kwa hiyo nguvu yake ni ileile kwa mita ya kwanza na kwa mita ya ishirini. Leo unaibeba kwenye gari lako, kesho unamwazima jirani mwenye Hilux, keshokutwa unainyanyulia pampu ya kisima. Hakuna tundu hata moja utakalotoboa kwenye gari.

Udhaifu wake ni mzito pia. Ile ya tani 3.2 pamoja na waya wake ni mzigo wa kweli kuubeba matopeni usiku. Waya lazima uwe wa kipenyo chake hasa. Ukiweka waya wowote uliookota gereji, mataya yatateleza au yatautafuna. Ukiukunja ukabaki na kikunjo, waya huo hautapita tena. Tope likiingia ndani, ioshe kwa mafuta ya taa, iache ikauke, kisha uimiminie oili nzito ya giaboksi bila uchoyo. Usiipake grisi yenye molibdeni au grafaiti: mataya yanashika waya kwa msuguano, na grisi ya namna hiyo inauondoa msuguano wenyewe.

Halafu kuna pini. Mpini umewekewa pini laini zinazokatika mzigo ukizidi. Nimeona watu wakikata msumari wa inchi nne na kuuchomeka pale pini inapokatika. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Ile pini ikikatika inakwambia: chimba kwanza.

Ya umeme

Hii ndiyo inayotakiwa na karibu kila anayenipigia, na naelewa kwa nini. Unabonyeza kitufe, gari linatoka. Ikiwa imefungwa vizuri na gari lina betri nzima, kazi ya saa moja ya winchi ya mkono huifanya kwa dakika chache. Kwa anayesafiri peke yake, au mama anayeendesha gari la zahanati akiwa na muuguzi mmoja tu, tofauti hiyo ni kubwa.

Nguvu yake huandikwa kwa pauni. Pauni 9,500 ni kama kilo 4,300. Pauni 12,000 ni kama kilo 5,440. Kanuni inayofuatwa ni uzito wa gari likiwa na mzigo, mara moja na nusu. Hardtop yenye abiria, mafuta na mizigo ya kilo 3,200 inataka angalau kilo 4,800, kwa hiyo 9,500 haitoshi, nenda 12,000. Suzuki Jimny haihitaji dude kubwa hivyo, na ukiifunga utaizamisha pua bure.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Namba ile ya pauni ni ya safu ya kwanza ya waya kwenye ngoma, yaani waya ukiwa umetolewa karibu wote. Kadiri safu zinavyopandana, ngoma inanenepa na nguvu inapungua. Kwenye safu ya nne hubaki kama theluthi mbili hivi. Mti ukiwa karibu, mita saba tu, winchi yako ya pauni 12,000 inavuta kama ya 8,000. Dawa yake ni kapi. Peleka waya hadi kwenye kapi lililofungwa mtini, urudishe ndoano kwenye gari lako: waya mwingi umetoka, na mvuto unakaribia kuwa mara mbili huku mwendo ukipungua nusu. Kama bajeti yako inakulazimisha uchague kati ya winchi kubwa bila kapi na winchi ya wastani yenye kapi zuri, chukua ya pili bila kusita.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote inakula ampea 400 na zaidi. Alteneta ya kawaida inatoa 80 hivi. Zinazobaki zote zinatoka kwenye betri, na betri ya gari haikuumbwa kwa mateso hayo. Vuta dakika moja, pumzika, acha injini izunguke kwa kasi kiasi, gusa mota kwa kiganja. Ikikuunguza, ngoja ipoe. Betri iliyozeeka inayowasha gari kwa kubahatisha asubuhi haitakutoa kwenye tope jioni.

Hilo nililijua usiku mmoja kusini mwa Sikonge. Nilikuwa nimenunua winchi ya bei nafuu, fundi akatumia nyaya nyembamba na kuufunga wa hasi kwenye bolti ya bodi badala ya kuufikisha betrini. Tulivuta mara tatu, taa zikafifia, injini ikazimika na haikuwaka tena. Tulilala kwenye gari na masanduku ya chanjo yenye barafu inayoyeyuka. Alfajiri mzee mmoja mfuga nyuki alitokea na baiskeli, akarudi kijijini, na baada ya saa mbili wakaja vijana wawili wamebeba winchi ya mkono kwenye mti mabegani. Ilikuwa na kutu nje, lakini ndani ilikuwa imelowa oili. Ikatutoa kinyumenyume. Chanjo ziliwahi.

Ya shafti

Ile mafundi wanayoiita ya PTO. Hii haina mota yake. Inazungushwa na injini ya gari kupitia giaboksi na shafti ndefu inayopita chini hadi bampa la mbele. Toyota waliziweka kiwandani kwenye Land Cruiser nyingi za zamani, na ukitembea kwenye yadi za mashirika na misheni utaziona bado, nyingine zimekaa miaka bila kuguswa.

Ikiwa gari unalonunua tayari linayo na inafanya kazi, tafadhali usiing'oe. Haichoki. Haijui betri. Mwendo wake unauamua kwa gia na pedeli ya mafuta, inaweza kuvuta taratibu kama kobe mchana kutwa. Kwa mtu wa kuvuta magogo au malori, hakuna inayoikaribia.

Lakini kuanza kuitafuta na kuifunga upya leo, sishauri. Spea ni za kuokoteza, inategemea giaboksi yako ina mdomo wake, na injini ikizimika nayo imekufa. Tena ina hatari yake: nguvu yote ya injini iko nyuma ya waya, na kinachokulinda ni pini moja tu ya shafti. Mtu akiibadilisha kwa bolti ngumu, kitakachokatika ni waya.

Zipo pia za haidroliki zinazotumia pampu ya usukani. Hazipati joto kama za umeme na maji hayazisumbui, ila zinavuta polepole na zinadai injini iwake. Sijaona sababu ya kumshauri mtu wa huku aifuate.

Waya wa chuma au kamba ya Dyneema

Hapa watu hubishana sana, na majibu yangu yamebadilika na umri.

Kamba ya Dyneema, iliyofumwa kwa nyuzi imara za plastiki, ni nyepesi mno. Kwa nguvu ileile uzito wake ni kama sehemu moja ya saba ya waya. Unaikokota tope likiwa magotini bila kuumia, haina vichomi vya kuchoma viganja, na ikikatika hairuki kwa ukatili wa chuma. Nayo ina maadui wawili: joto na msuguano. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na huanza kudhoofika mapema kuliko hapo. Winchi nyingi zina breki ndani ya ngoma, na breki ile inapata joto unapoliteremsha gari huku waya umekazwa. Mchanga ukijipenyeza kati ya nyuzi unaisaga polepole kutoka ndani, na jua letu linamalizia nje.

Waya wa chuma unavumilia vumbi, jua, kuburutwa kwenye mawe na mwenye gari asiyeosha vitu vyake. Ila ukikatika ukiwa umekazwa, unaua.

Ukiniuliza mimi: gari la mtu mmoja anayelipenda na kulitunza, kamba. Gari la ofisi linalopokezana madereva watano, waya wa chuma, glavu za ngozi kwenye dashibodi, na blanketi zito la kulaza juu ya waya kabla ya kuvuta. Usizichanganye rola, zile zinazouongoza waya kuingia ngomani. Waya wa chuma unapita kwenye rola nne. Kamba inataka mdomo laini wa alumini, maana rola zilizokwisha kukwaruzwa na waya zina meno yatakayoikata. Na kwa yoyote ile usimalize yote kwenye ngoma: acha mizunguko mitano ya waya, au kumi kwa kamba, kwa sababu kile kibolti kinachoshika ncha ya waya ngomani hakikuwekwa pale kubeba gari.

Kufunga

Sehemu hii ndiyo inayoamua, kuliko kampuni gani umenunua. Nimeona winchi nzuri ikiondoka na bampa lake.

Bampa la kiwandani la bati halifai kabisa. Unahitaji ngao ya chuma iliyotengenezewa winchi, au sahani ya chuma nene, milimita 6 kwenda juu, inayoshika pande zote mbili za chesi kwa bolti. Si upande mmoja, wala si kuchomelea bampa na kuomba Mungu. Kichwa cha bolti kiwe na alama ya 8.8, bolti isiyo na alama ni ya kufungia geti. Winchi nyingi za ukubwa huu zina matundu manne yaliyopangwa sentimita 25.4 kwa 11.4, kwa hiyo pima sahani kabla hujalipa. Sahani iwe imenyooka kama meza. Ikiwa imepinda hata kidogo, ukikaza bolti mwili wa winchi unajinyonga, ngoma inakuwa nzito, na utaambiwa winchi ni mbovu ilhali kosa ni la sahani.

Kabla fundi hajamaliza, ingiza mkono wako mwenyewe. Je, unaifikia ile lever ya kuachia ngoma? Kuna ngao nzuri za kutazama ambazo lever inafichwa nyuma ya bomba, na utaligundua hilo ukiwa umelala tumbo kwenye maji. Angalia pia hewa ya rejeta. Safari ya Tabora hadi Uvinza mwezi Oktoba ni joto, na gari lililozibwa pua litachemka.

Nyaya ziwe za milimita 35 za mraba kwa kuanzia, na kama betri iko mbali nenda 50. Chanya na hasi zote zifike betrini zenyewe. Weka swichi kubwa ya kukata umeme, ili waya ukichubuka gari lisiungue ukiwa umelala. Hakikisha pia volti: zipo Land Cruiser na malori ya volti 24, na winchi ya 12 humo haitamaliza sekunde nyingi.

Usisahau uzito. Winchi na waya wake ni kilo 40 hivi, ngao nyingine 50 au zaidi, zote mbele ya ekseli. Springi za mbele zikiwa zimechoka gari litainamisha pua, na gari la pua nzito ndilo linalozama kwanza. Barabara za changarawe nazo hutikisa mpaka nati zinajifungua. Tumia nati zenye plastiki ndani, na baada ya safari ya kwanza pita na spana.

Mti ukikosekana

Katikati ya mbuga hakuna mti, na bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000, ni mbuga juu ya mbuga. Winchi ya aina yoyote bila pa kuishikiza ni chuma tu. Kinachobaki ni kuzika tairi la akiba: chimba shimo la kina cha kiuno, uliingize tairi likisimama na uso wake ukilielekea gari, pitisha mkanda tunduni na nyuma yake uweke mtarimbo, kisha uchimbe mfereji mwembamba ili waya utoke ukiwa chini na si kwa kupanda. Fukia na ushindilie. Ni kazi ya saa moja na nusu kwa watu wawili, na inashika.

Ukipata mti, tumia mkanda mpana, usizungushe waya mtupu. Waya unakata gome kuuzunguka mti mzima, na mti uliokatwa gome hivyo hufa. Wenye misitu hii wanatundika mizinga kwenye mitundu na miyombo hiyo. Ndio hao watakaokuja na baiskeli alfajiri.

Na koleo. Tope likifika usawa wa magurudumu hesabu mvuto unaokaribia uzito wa gari zima. Likifika usawa wa madgadi, mara mbili. Dakika ishirini za kuchimba mbele ya matairi na chini ya ekseli zinapunguza mzigo kuliko pauni elfu tatu za ziada utakazolipia dukani.

Basi uchukue ipi?

Unaingia mbugani mara tatu nne kwa mwaka, mna watu wawili au zaidi garini: ya mkono, tani 3.2, kapi, mikanda miwili, pingu nne za chuma za kuungia waya na mikanda, na koleo. Usinunue kingine. Jeki ndefu, ile tunayoiita Tanganyika jeki, iongeze pesa ikiruhusu.

Unaingia kila wiki kifuku kizima, au mnasafiri magari mawili: ya umeme ya pauni 12,000 mbele, betri mpya, na ndogo ya mkono ya tani 1.6 nyuma ya kiti kwa siku utakayotaka kurudi ulikotoka. Magari mawili ndipo winchi ya mbele inapong'aa kweli, kwa sababu aliyebaki kwenye ardhi ngumu anamvuta mwenzake kinyumenyume. Ndivyo gari langu lilivyo sasa.

Fedha zinatosha winchi ya umeme tu, hazitoshi ngao wala nyaya? Ngoja mwaka mmoja. Nunua ya mkono kwa sasa.

Na ukishafunga, usiingoje mvua ikufundishe. Tafuta mteremko mdogo nje ya mji mwezi Septemba, toa waya mpya wote ubaki na mizunguko yake ngomani, fungia kwenye mti imara, na ujivute mwenyewe kupanda huku dereva akigusa breki kidogo. Waya utajipanga ukiwa umekaza, safu juu ya safu, bila kuzama katikati ya safu za chini. Msimamishe utingo pembeni, mbali kuliko urefu wa waya uliotoka, umwonyeshe ishara za mkono za vuta na simama. Halafu mpe yeye kitufe, wewe ukae kwenye usukani, mrudie tena.